Pwani ya Northumberland na watoto: anzeni na maji kujaa na kupwa

Dada, umeuliza kama inafaa kuwapeleka watoto wa miaka 4 na 9 pwani ya Northumberland mwezi Julai, nanyi ndio kwanza mmehamia Newcastle, huku kaskazini mashariki mwa Uingereza, na hamna gari. Inafaa sana. Sisi huu ni mwaka wa sita tuko hapa, na pwani ile tumeitembea kipande kwa kipande kutoka Tynemouth hadi Berwick. Ila kabla hujatafuta hoteli wala basi, tafuta kwanza saa za maji kujaa na kupwa.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana sisi tuliokulia baharini hudhani bamvua tunalijua. Kuna kisiwa kinaitwa Lindisfarne, wenyeji hukiita Holy Island. Barabara ya kuingilia imelazwa juu ya mchanga na huzama mara mbili kwa siku. Mara ya kwanza tulikodi gari, tukachelewa njiani, tukafika muda salama wa kuvuka umeshapita. Lami ilikuwa kavu mbele yetu na jua linawaka. Baba watoto akasema twende, ni dakika chache tu. Nikakataa, tukabishana mbele ya watoto. Haikupita muda mrefu barabara ikawa haionekani. Halikuja wimbi lolote la kukuonya. Maji yaliingia kutoka pembeni, kimya, yakajaza mabonde ya mchanga kwanza, kisha yakakutana juu ya lami. Katikati ya njia kuna kibanda juu ya nguzo ndefu, cha kukimbilia waliokwama. Mwanangu aliuliza cha nini, nikamweleza, na baba yake naye akawa anasikiliza. Halmashauri ya Northumberland hutangaza nyakati salama za kuvuka kwa kila siku. Fuateni hizo, msifuate macho yenu.

Kwa hiyo ushauri wangu: msianzie huko. Anzeni na kisiwa kidogo cha St Mary's, karibu na Whitley Bay. Mnapanda Metro, treni ya mjini, mpaka Whitley Bay, kisha mnafuata ufukwe kuelekea kaskazini. Kwa huyo wa miaka 4 ni mwendo, chukueni kigari chake. Pale pana mnara wa taa wa mwaka 1898, uliostaafu kazi 1984, una ngazi 137, na njia yake nayo hufunikwa maji yakijaa. Mpe yule wa miaka 9 jedwali la maji la siku hiyo, awaambie yeye saa ya kuondoka. Wangu alilibeba jukumu hilo kwa fahari hata akakataa kucheza na kaa wa mawe dakika kumi za mwisho.

Mkishazoea, basi la X18 linatoka Newcastle kupitia Alnwick hadi Seahouses na Bamburgh. Ni zaidi ya saa mbili, hivyo laleni huko angalau usiku mbili. Seahouses ndiko ziliko boti za kwenda visiwa vya Farne. Nendeni mapema Julai, kwa sababu pafini, wale ndege wenye mdomo wa rangi, huanza kuondoka mwezi ukielekea mwisho. Mkishuka Inner Farne kila mtu avae kofia. Buabua wa Aktiki hutaga kando kabisa ya njia, na hudonoa vichwa vya wapita njia kulinda makinda. Ndege huyo husafiri hadi bahari ya Antaktiki na kurudi kila mwaka. Binti yangu alipolijua hilo, akawasamehe.

Bamburgh watu hukimbilia ngome, nayo kweli inapendeza juu ya mwamba wake mweusi. Mimi nitakupeleka kwenye jumba dogo la makumbusho la Grace Darling, ambalo halina kiingilio. Tarehe 7 Septemba 1838 meli Forfarshire ilivunjika miambani. Grace, binti wa miaka 22, alitoka na baba yake, mlinzi wa mnara wa taa wa Longstone katika visiwa vya Farne, wakapiga makasia ndani ya dhoruba. Watu tisa waliokolewa mwambani kwa safari mbili. Mashua yenyewe iko pale. Simama karibu nayo uone ilivyo ndogo, kisha utazame bahari.

Kuhusu baridi: hata Julai maji huwa kama nyuzi 13 au 14. Wanunulieni suti za mpira za kuogelea, za mitumba zinatosha. Na ukungu wa baharini, wanaouita fret, huweza kufunika ufukwe huku bara jua linawaka, basi sweta zisibaki nyumbani.

Lindisfarne iwe ya mwisho. Basi la kisiwani hutoka Berwick, haliendi kila siku, na ratiba yake hubadilika kufuata maji, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kulipia chumba. Lakini mkipata chumba kisiwani hata usiku mmoja, chukueni. Wageni wa mchana hukimbilia magari, barabara inazama, na panatulia. Mwezi Julai giza huchelewa sana. Tulikaa nje na watoto baada ya chakula cha jioni, na kutoka kwenye fungu la mchanga upande wa pili tukasikia sauti ndefu kama watu wanaoimba bila maneno. Walikuwa sili.