Niko kidato cha tatu na kemia napata C, udaktari nitaupata?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nasoma shule ya kata huku Mbagala, nataka udaktari toka niko mdogo. Nimeangalia video YouTube wanasema uandike esei, uwe umejitolea hospitali, uwe na barua za walimu, na kuna mtihani wao wa kuingilia, mi sina hata kimoja. Kemia yenyewe napata C na maabara tunaingia kwa msimu. Nimeshachelewa? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hizo video achana nazo kwanza, nyingi ni za Marekani na kule mtu anasoma digrii ya kwanza kwanza na kufanya mtihani wao wa kuingilia, MCAT, ndio aanze udaktari, kwahiyo hao wenye esei ni watu wazima sio wewe. Hapa kwetu ukitoka fomu siksi unaomba MD, yaani digrii ya udaktari, moja kwa moja, miaka mitano na intern mwaka mmoja juu yake, na kinachokuombea ni matokeo yako ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Kila somo linahesabiwa pointi: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kiwango cha chini cha pointi utakikuta kwenye kitabu cha TCU, ile tume ya vyuo vikuu, ila kile kinakuruhusu kuomba tu, sio kupata, maana pale Muhimbili unagombania na watoto waliojaza A.

Sasa hiyo C ya kemia. Mi siioni mbaya ila usiizoee, kwasababu topiki ya moli na volumetriki mnazisoma mwaka huu huu na ndio hizo hizo zitakufuata mpaka titresheni ya fomu siksi, ile praktiko ya kudondosha kimiminika mpaka rangi ibadilike, ukiziruka saivi advansi utakua unakariri tu. Kusanyaneni hata watano mkamuombe mwalimu awafungulie maabara jumamosi, bureti, ule mrija wa kudondoshea, ishike mpaka mkono uzoee. Mtu anaeishika mara ya kwanza siku ya praktiko anatetemeka, rangi inampita, kashaharibu. Hesabu nayo usiitupe, PCB utasoma BAM, zile hesabu za advansi, na fizikia haikuonei huruma. Ukijaza selform, ile fomu ya kuchagua kombi, weka PCB ya kwanza, usifuate kombi ya shoga ako.

Kuna kitu hamuambiwagi, majina. Mi cheti cha kuzaliwa kilikua na jina la kati limeandikwa kivingine na cha fomu foo kivingine, herufi moja tu bana, chuo kimoja wakanizungusha weee naenda narudi na kiapo cha mahakamani, nimekuja kuingia darasani wenzangu wameshaanza kupasua maiti kwenye anatomia. Kwahiyo mkianza kusajiliwa NECTA soma jina lako herufi kwa herufi, na cheti cha kuzaliwa kama huna mwambie mama akaanze kufuatilia RITA wanakotoa vyeti sasahivi, maana hata mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, wanataka cheti kilichohakikiwa.

Vyuo usigande na Muhimbili tu. Kuna Kairuki hapo Mikocheni, kuna KCMC Moshi, Bugando Mwanza, UDOM, na maombi unatuma chuo chenyewe kwahiyo tuma kadhaa. Na ikigoma kabisa, diploma ya Clinical Medicine miaka mitatu, ukitoka na GPA nzuri unarudi kuomba MD, nina wenzangu kazini wamepita huko na mgonjwa wanamshika vizuri kuliko sisi tuliotoka advansi.

Kujitolea hakuna anaekupa pointi, lakini fanya, kwa ajili yako. Nenda zahanati ya mtaani kwenu uongee na mganga mfawidhi, omba kusaidia asubuhi moja ya kliniki ya watoto, kuita namba na kupanga kadi, dawa na sindano usiguse. Joto lile, watoto wanalia, foleni mpaka nje. Ukitoka hapo bado unautaka udaktari, niandikie tena ukipata matokeo ya moku.