Kiharusi cha usingizini: saa inaanza lini?

SWALI: Mzee wetu alilala saa 3 usiku akiwa mzima. Saa 12 asubuhi tukamkuta mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki. Kutoka Newala tukafika hospitali Mtwara saa 4 asubuhi. Tukaambiwa muda wa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda umepita. Mbona ni saa nne tu tangu tumkute?
Msomaji, Newala

JIBU: Saa haianzi mlipomkuta, inaanza alipoonekana mzima mara ya mwisho. Kuanzia saa 3 usiku hadi mlipofika hospitali ni jumla ya saa 13. Kikomo cha kawaida cha alteplase, dawa hiyo ya kuyeyusha damu iliyoganda, ni saa nne na nusu.

Ubongo uliokosa damu hufa, na mishipa yake hudhoofika. Dawa ikizibua mshipa kwa kuchelewa, damu huweza kuvujia ndani ya kichwa. Kwa sababu hiyo lazima kwanza CT (picha ya eksirei ya ndani ya kichwa) ioneshe hakuna damu iliyovuja, na presha ishuke chini ya 185/110.

Aliyeamka na kiharusi huweza kufikiriwa iwapo MRI (picha ya ubongo kwa sumaku) itaonesha jeraha bado bichi. Bila picha hiyo, daktari wenu alikuwa sahihi kukataa.

Aspirini msimpe nyumbani: kama mshipa umepasuka, mtaongeza uvujaji. Wala msimpe uji, hata kijiko kimoja, kabla hajapimwa kumeza: huweza kuingia mapafuni. Mazoezi ya mkono yaanze mapema, hayo hayajachelewa.