Dogo kaniuliza usiku gani wa Busara ni mkali, sa ngoja nimjibu hapa

Juzi kuna dogo mmoja wa Tandahimba kanitumia meseji, "Kaka fundi shikamoo, nimeuza korosho nimebaki na kahela, mwezi wa pili nataka niende lile tamasha la mziki la Sauti za Busara Zanzibar mara ya kwanza, usiku gani ni mkali nikate tiketi ya huo huo tu?" Nikaanza kumjibu kwa sauti, nikaongea nikaongea, kucheki dakika sita zimeshapita na bado nipo kwenye safari ya basi. Nikafuta. Nikasema hii niiandike kabisa, maana najua hayupo peke yake, nyie vijana wa huku Mtwara Kuchele mnaopenda mziki wote mna ndoto hiyo hiyo, mnasubiri hela tu.

Kwa asiyenijua, mi ni fundi mitambo. Nafunga spika kwenye harusi, maulidi, mahafali, mikutano, kuanzia Shangani mpaka Mikindani, na kama ushawahi kucheza harusi hapa mjini ukasikia besi imetulia haikukoromi kifuani basi kuna uwezekano mkubwa ilikuwa kazi yangu. Sijisifu. Najisifu kidogo.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa 2010. Wakati huo nilikuwa nabeba nyaya za fundi mwingine, kazi yangu kukunja waya na kulinda spika zisiibiwe. Nikadunduliza mwaka mzima. Sa nyie wa leo mnapanda basi Mtwara asubuhi jioni mpo Mbagala mnakula chipsi, hamjui kipande cha Somanga mpaka Ndundu kilikuwaje kabla ya lami. Kilomita kama sitini hivi za tope. Daraja la Mkapa lipo tangu 2003, linang'aa, ila kulifikia sasa! Februari mvua imenyesha, basi likazama, tukashuka wanaume wote tukasukuma, suruali yangu mpya niliyoinunua kwa ajili ya Zanzibar ikawa ya udongo mpaka magotini, na ndo hiyo hiyo nilivaa siku ya kwanza kwa sababu ya pili ilikuwa imelowa ndani ya begi.

Nafika Unguja, giza. Sio giza la usiku, giza la kisiwa. Tangu Desemba 2009 umeme unaotoka bara ulikuwa umekatika, hitilafu ilitokea pale Fumba waya wa chini ya bahari unapotokezea, na haukurudi mpaka Machi. Miezi mitatu. Kila duka lina jenereta lake mlangoni, Mji Mkongwe wote unanguruma kama mashine ya kukoboa, moshi wa petroli kwenye vichochoro vile vyembamba mpaka macho yanawasha. Nikajisemea hapa hakuna tamasha, nimesukuma basi bure.

Halafu naingia Ngome Kongwe. Taa zinawaka. Jukwaa limesimama ndani ya kuta zile za mawe na watu wamekaa kwenye ngazi wametulia. Mi kwa akili ya fundi kitu cha kwanza nilitega sikio kwenye spika, nisikie ule mvumo wa jenereta, zzzzz, maana ukipiga mziki kwa jenereta na hujaweka asi, ule waya wa ardhini, vizuri lazima mvumo uingie. Kimya. Hakuna kitu. Nje mji mzima unanguruma, ndani spika imetulia tuli. Nilisimama pale mdomo wazi kabla hata mwanamuziki hajatoka.

Sa nikwambie ukweli. Mi nilienda kwa ajili ya msanii mmoja wa bongofleva, simtaji, nilikuwa na picha yake ukutani. Nilimuona, akaimba, na leo hii ukiniuliza aliimba nini sikumbuki hata wimbo mmoja. Ninayemkumbuka ni Thomas Mapfumo wa Zimbabwe, mzee wa chimurenga, mziki wa ukombozi wa kwao, ambaye mi sikuwahi kumsikia maisha yangu. Kishona sijui hata salamu. Ila yale magita yanapigwa kama mbira, kile kinanda cha vyuma cha kudonoa kwa vidole, yaani mpiga gita anadonoa nyuzi kama anadonoa vyuma, na mbira zenyewe zipo, unashindwa kujua kipi ni kipi, na mzee kasimama tu katikati hahangaiki, haruki, anaongea na mic kama anaongea na mtu wa nyumbani kwake. Nilikuwa nimekaa karibu na meza ya mafundi kwa bahati tu, kwa sababu ya suruali ya tope sikutaka kwenda mbele.

Hiyo ndo siri yangu ya kwanza nakupa bure, kaa karibu na meza ya mixer, ile mashine ya kuchanganya sauti. Fundi anachanganya sauti kwa anachokisikia pale alipokaa, kwa hiyo pale ndo mziki umekamilika. Mbele kabisa utasikia besi na jasho la watu. Na ili upate nafasi pale, fika mapema.

Bi Kidude je? Nilimuona, namshukuru Mungu, kabla hajafariki Aprili 2013. Watu wanaongelea taarabu yake, sigara yake, umri wake. Mi kilichoniua ni msondo. Bibi mzee vile, kafunga ngoma ndefu kiunoni kwa kanga, kaipanda kama anapanda punda, anapiga. Wazungu pembeni yangu wanashangilia kama wameona kitu cha ajabu cha Zanzibar, na mi machozi yananilenga kwa sababu mlio ule naujua, ule ni mlio wa unyago, nimeusikia nikiwa mtoto nimefukuzwa nisikaribie, nyuma ya nyumba ya bibi yangu Newala. Nimesafiri siku mbili na boti juu kwenda kusikia ngoma ya uani kwa bibi. Nilicheka peke yangu.

2013 nilimuona Cheikh Lô wa Senegal, sauti nyembamba kama uzi wa kushonea lakini haikatiki. Miaka miwili iliyofuata nilienda nikarudi, nilikuwa nimeenda na mtu, nilikuwa namwangalia yeye zaidi ya jukwaa, tuyaache hayo.

2016 sasa. Hela nimeweka, ruhusa nimeomba, tamasha halipo. Lilisitishwa mwaka ule kwa kukosa fedha. Niliumia we acha tu. Ile hela nikaiangalia wiki nzima, mwisho nikaongezea nikanunua mixer ya channel kumi na mbili, ya mtumba ila nzima, na hapo ndo nikaanza kujiita fundi mkuu. Na hapo ndo nilipojiaibisha, na hii sijawahi kumsimulia mtu.

Kulikuwa na shughuli ya ngoma kwenye kijiji kimoja juu huku kwenye uwanda wa Makonde, wamemaliza jando, midimu inatoka, yaani wale wacheza vinyago. Nikaitwa nifunge spika za matangazo tu. Matangazo tu! Mimi na mixer yangu mpya na Busara kichwani nikaona hapana, hawa wazee leo nitawapa sauti ya Ngome Kongwe. Nikaweka mic kwenye vinganga, zile ngoma ndogo, mic kwenye ngoma kubwa, mic kwa waimbaji. Wazee wananiangalia hawasemi. Ngoma zimeshaoteshwa moto zimekaza, wanaanza, na mimi nikapandisha. Mama yangu. Vinganga vile mlio wake ni mkali kama jiwe kwenye bati, ukipita kwenye spika unakuwa msumari. Halafu mic zikaanza kupiga yowe, wiiiiii, watoto wameziba masikio, mdimu mwenyewe katoka na kinyago chake kasimama katikati hachezi, maana hasikii ngoma inamwambia nini. Ujue mdimu anacheza kwa kuambiwa na ngoma, hachezi kwa kichwa chake.

Mzee mmoja akaja taratibu na fimbo yake. Hakunigombeza. Akasema, "Mwanangu, zima ntambo. Ngoma hii haijawahi kula umeme."

Nikazima. Nikajiinamia nyuma ya spika zangu kama mwizi. Wakaanza upya, na Wallahi ile ngoma ilikuwa kubwa kuliko spika zangu zote. Kinganga kipo kulia, ngoma kubwa inajibu kushoto, kila mtu kwenye duara anasikia kwa upande wake, kumbe wale wazee walishapanga mixer yao tangu babu zao, nani akae wapi na nani amjibu nani. Sikulala. Nilikaa mpaka kunapambazuka, na malipo yangu nilipewa yote, ndo ikaniuma zaidi.

Toka siku ile nikienda Busara nasikiliza tofauti. Niliwaona Jagwa Music wa Mwananyamala, wale wa mchiriku, mziki wa uswahilini Dar, wana kinanda kidogo cha Casio sauti imekwaruza makusudi, na ngoma zao, na mtu anapiga kigoda. Kabla ya 2016 ningesema hawa jamaa sauti mbovu, fundi wao nani. Safari ile nilielewa kwamba ule mkwaruzo ndo mchiriku wenyewe, ukiusafisha umeua. Na fundi wa pale aliuacha! Nilitamani nikampe mkono. Na Msafiri Zawose, na ilimba zile za Wagogo, vyuma vingi vinatetemeka pamoja, unaweza kuingiwa na tamaa ya kupandisha sauti mpaka basi, fundi kaacha chini, watu elfu ngapi sijui kimya wanasogeza masikio.

Basi mi nikajiona nimeiva. Nikaomba kazi kwenye tamasha moja, sitaji wapi, hata ya kukunja nyaya tu. Nikaulizwa cheti. Nikasema cheti sina ila nimefunga spika miaka mingi na nimekaa nyuma ya meza za watu nikajifunza kwa macho. Dada akanijibu kwa upole "tutakutafuta kaka". Bado nasubiri simu. Kwa hiyo nyie mnaosema fundi unaringa siku hizi, ringo gani, mi naenda kwa tiketi yangu kama nyie.

2019 sikwenda. Ule msimu wa korosho za shilingi 3,300 kwa kilo, mnaukumbuka wote, hela ya shamba la mama ilikuja kuingia Busara imeshapita.

2022 nikarudi, baada ya hofu ya corona, na nikamkuta Sampa the Great, dada mzaliwa wa Zambia. Hapa nitakuwa mkweli, hip hop mi sio mtu wake. Ila alipiga na bendi ya watu hai, mpiga ngoma anavuta nyuma kidogo na yeye maneno yanakimbia mbele, na watu wa pale ndani, wamama wa Kiswahili na mabuibui yao, watalii, vijana wa Ng'ambo, wote kichwa kinaenda sehemu moja. Jioni ile nilifika saa kumi, jukwaa bado linajaribiwa, sauti inatoka mpaka Forodhani, nikakaa chini ya ukuta na urojo wangu nikisikia fundi anapanga ngoma moja moja, tu, tu, tu, halafu besi, halafu sauti. Ile saa moja ya kujaribu mitambo nimejifunza kuliko hicho cheti mnachokitaka.

Sa nisikilizeni vizuri wadogo zangu. Fikeni mapema. Mnafika saa nne usiku kumngojea mtu mliyemuona kwenye simu, mnapiga picha, mnaondoka, mnarudi Mtwara mnasema Busara kawaida tu. Kawaida kwako wewe uliyefika saa nne! Wale wa saa kumi na moja jioni, wasiojulikana, ndo wanapiga kama hawana kesho. Kwenye gwaride la ufunguzi tokea Kisonge kuja Forodhani usikose, msikie beni, ngoma ya matarumbeta, halafu kamuulize babu yako Myao beni ni nini, atakushangaza. Na kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni, kwa hiyo hiyo ya kusema tamasha la wazungu acheni.

Na lingine, hapa hapa nyumbani kuna MaKuYa, tangu 2008, Wamakonde Wamakua na Wayao uwanja mmoja, jina lenyewe ndo hilo. Kuna watu wanajua ratiba ya Zanzibar kwa kichwa ila hawajawahi kukaa na ngoma ya kwao mpaka asubuhi. Mtaendaje kusikiliza mbira za watu wakati kinganga hamjakisikia? Mi nasema kwa uchungu kwa sababu nilikuwa hivyo hivyo, nilihitaji mzee na fimbo.

Kwa hiyo dogo, kata tiketi ya siku zote, hata ukilala kwa mtu. Suruali beba mbili. Fika mapema, kaa na meza ya mafundi, na msanii uliyemfuata wewe mwache akupite tu.

Nimemsomea yote hii kwa simu kabla sijaiweka hapa. Kanisikiliza mpaka mwisho, mtoto ana adabu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Asante sana kaka fundi. Sa kwa hiyo ni Ijumaa au Jumamosi?"