Omega-3 na dawa za presha: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kama mzee wako anayemeza dawa ya presha, amlodipini ya miligramu 10, anaweza kuongeza vidonge vya omega-3, yaani mafuta ya samaki, maana jirani kamwambia vitamshusha presha mpaka dawa aache. Kuongeza anaweza, daktari wake akijua. Kuacha dawa, hapana.

Mimi nina presha mwaka wa saba huu: amlodipini 5 asubuhi, losatani 50 usiku. Mwaka juzi shemeji akaniletea chupa ya omega-3, ubavuni 1000 mg kwa maandishi makubwa. Nilikuwa nimesikia kwamba gramu tatu kwa siku ndizo zenye nguvu kwenye presha, nikapiga hesabu: vidonge vitatu basi. Nikawa nabugia vyote kwa mpigo asubuhi kabla sijatia kitu tumboni. Wiki ya pili, swala ya alfajiri, nainuka kutoka sijda, macho yakaingia giza. Nikadaka bega la jirani. Nyumbani mashine ikasoma 102 kwa 61, wakati kawaida yangu ni 130 na ushee.

Nikaibeba chupa hadi famasi, nimeshaihukumu. Yule dada akaigeuza nyuma, akaweka ukucha kwenye vile vimaandishi vidogo: EPA 180, DHA 120. Hizo mbili ndizo omega-3 yenyewe. Jumla miligramu 300. Ile 1000 ni uzito wa mafuta yote ndani ya kidonge. Kumbe nilikuwa napata gramu 0.9 tu. Na hata zingekuwa tatu kamili, akasema, namba ya juu ingeshuka pointi mbili tatu hivi, si karibu thelathini.

Akaniuliza, "Baba, tumbo likoje?" Aibu kidogo, lakini nilikuwa naendesha siku ya tatu, na maji nakunywa kwa kubahatisha. Mwili umekauka, losatani bado nameza, presha ikaporomoka. Na yawezekana tumbo lilivurugwa na mafuta hayohayo, yana tabia hiyo, hasa ukiyameza bila chakula.

Kwa hiyo omega na amlodipini hazigombani. Zote zinavuta presha chini, moja kwa nguvu, nyingine kidogo sana. Mzee ameze baada ya kula, apime presha asubuhi na jioni wiki mbili tatu za mwanzo, uandike kwenye daftari. Dozi kubwa asijipangie, kwani zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu. Akianza kuendesha au kutapika, mpigieni daktari mapema kuhusu dawa zake.

Mimi chupa ile sikuimaliza. Nakula vibua wa kuchoma mara mbili kwa wiki, na dagaa wa chumvi nimewaacha, ingawa roho inauma.

Halafu hukusema: mzee anameza na ile aspirini ndogo ya 75? Dozi kubwa ya omega juu ya aspirini inaweza kuongeza kutokwa damu. Muulize kama fizi zinatoka damu akipiga mswaki, kisha urudi hapa.