Kumfundisha mgonjwa insulini kabla ya kuruhusiwa

Dada, umeuliza utahakikishaje kwamba mgonjwa wa kisukari anayeruhusiwa kutoka wodini ameelewa matumizi ya insulini, ilhali kila aulizwapo hujibu "ndiyo". Swali la "Umeelewa?" halisaidii, kwa kuwa wagonjwa wengi, hasa wazee wetu, huona ni utovu wa adabu kumwambia mhudumu kwamba hawakuelewa. Mwombe akueleze kwa maneno yake atakavyofanya nyumbani, kisha avute dozi mwenyewe mbele yako, nawe uangalie kama alama za bomba la sindano zinalingana na nguvu ya dawa iliyoandikwa kwenye chupa. Akikosea, badilisha maelezo yako, halafu arudie.

Uhifadhi husahaulika mno, na kwa joto la Dar es Salaam hilo ni kosa kubwa. Usidhani kila nyumba ya Mbagala au Manzese ina friji. Chupa iliyofunguliwa kwa kawaida hudumu takriban siku 28 nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30, kiwango ambacho chumba cha paa la bati hukipita kwa urahisi mchana. Basi mwelekeze aitie kwenye kifuko kisichopitisha maji, ndani ya chungu kidogo kilichowekwa katika chungu kikubwa, na mchanga uliolowanishwa katikati yake, kivulini penye upepo.

Dalili za sukari kushuka, yaani jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, mfundishe pia anayeishi naye, kwani mgonjwa mwenyewe huenda wakati huo asiweze kujisaidia.