Fundi Anajibu: Mota ya gia, seli za laptop na breki mlizozisahau

Maswali ya safari hii yamejaa baiskeli za umeme za kujiundia, na karibu wote mnataka kujua jambo moja: itakimbia kilomita ngapi kwa saa. Anayeuliza itasimama vipi ni mmoja tu, naye mtamwona huko chini alivyouliza. Twende.

Shikamoo fundi. Nina Phoenix ya inchi 28 na nimepata mota ya volti 24, wati 250, ile yenye kisanduku cha gia ubavuni. Wenzangu wananicheka, wanasema wati 250 ni za kuchezea watoto, nitafute ya 1,000. Nipo Mwanza, natokea mlimani.

Marahaba. Wenzako waambie wapande wao huo mlima kwa wati 250 za miguu yao mfululizo kwa nusu saa, halafu tuzungumze. Mtu wa kawaida hazifikishi.

Tatizo la Mwanza ni mpango wa gia, wala si wati. Mota yako ndani inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, na kile kisanduku kinaishusha hadi kama 300. Huo ni mpunguzo wa kwanza, umeshalipia. Wa pili unaupanga mwenyewe kwa meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni. Mota hizi huja na sproketi ndogo ya meno 9. Ukifunga ya meno 18 kwenye tairi, tairi litazunguka mara 150 kwa dakika. Tairi la inchi 28 linakwenda karibu mita 2.2 kila mzunguko, kwa hiyo ni mita 330 kwa dakika, yaani kilomita 20 kwa saa. Ukifunga ya meno 24 unashuka hadi kilomita 15 hivi, lakini nguvu ya kusukuma kwenye tairi inaongezeka kwa theluthi moja. Wewe wa mlimani, funga 24.

Sababu ni hii. Chukua baiskeli, mota, betri, wewe, na abiria ambaye najua utambeba hata nikikukataza: jumla kilo 180. Kwenye mwinuko wa mita 4 kwa kila mita 100, ambao kwa Mwanza hata si mlima, mzigo huo kwenda kilomita 10 kwa saa unataka karibu wati 250. Kwenda kilomita 20 unataka wati 500 na ushee. Mota iliyopangwa kwa kilomita 20 ikikutana na mlima huo haikatai, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Inapunguza mwendo, inavuta umeme mara mbili ya kipimo chake, na umeme huo mwingi unaishia kuwa joto. Utasikia harufu ya vanishi ya nyaya, kisha kaboni (zile brashi za ndani ya mota) zinayeyusha vishikizo vyake. Kisha mtu anasema mota za siku hizi ni feki.

Mlima ukikushinda, saidia kwa pedeli. Ukishindwa kabisa, shuka usukume. Na usiondoke kituoni kwa resi peke yake, anza kukanyaga kwanza, mota ipokee ukiwa unakwenda tayari.

Nimefunga friwili ya kawaida (ile gia ya nyuma inayoshika upande mmoja tu) upande wa kushoto wa hab, yaani kitovu cha tairi, ili ivutwe na mota. Mota inazunguka, cheni inazunguka, tairi halisogei. Fundi wa mtaani kanishauri niichomelee. Nimchome au nisimchome? (Morogoro)

Fundi usimchome, na friwili usiichomelee.

Friwili ya kawaida imetengenezwa kwa upande wa kulia. Ukiihamishia kushoto umeigeuza, kwa hiyo meno yake ya ndani yanashika ukirudi nyuma na kuachia ukienda mbele. Inafanya kazi yake vizuri kabisa, ila kinyume. Hata ingeshika, nyuzi zake zingefunguka kila mota inapovuta, mpaka siku moja ikukute iko barabarani na wewe uko mtaroni.

Ukiichomelea, tairi litakwenda, lakini umejifunga na mota milele. Betri ikiisha utakuwa unakanyaga baiskeli, unazungusha na kisanduku cha gia, tena kinyumenyume, meno makubwa yakisukuma madogo. Watu wa Morogoro mnajua jua la saa saba. Jaribu kisha uniandikie. Halafu moto wa kuchomelea unapitia hadi kwenye njia ya golori. Hab iliyochomelewa sijawahi kuiona inadumu.

Tafuta friwili iliyotengenezwa kwa kushoto. Huuzwa pamoja na seti za mota hizi, yenye kiti chake cha bolti. Ukiikosa, njia nyingine ni kuhamisha mota ivute kwenye pedeli badala ya tairi, kwa sproketi ya mbele yenye friwili ndani yake, ili pedeli zisikuchape miguu mota inapozunguka. Kazi ni kubwa zaidi, ila kama baiskeli yako ina gia za nyuma, mota nayo itazitumia zote, na hapo milima ya Uluguru utaiangalia kwa jicho jingine.

Hakikisha sproketi zote mbili ziko kwenye mstari mmoja. Weka rula ndefu uangalie, usikadirie kwa jicho. Na matundu ya kufungia mota yatoboe marefu, ili cheni ikilegea uivute. Kishikizo kiwe cha angaline au flatibaa nene, kibane mabomba ya fremu kwa bolti. Bomba la fremu lisitobolewe.

Naweza kutumia stata ya gari?

Hapana. Imetengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache, na inavuta ampea mamia.

Je, mota ya waipa?

Ina gia, ndiyo, lakini ni dhaifu na ya taratibu mno. Itumie kugeuzia mishikaki.

Fundi, nina wazo ambalo halijawahi kufikiriwa. Nikifunga oltaneta kwenye tairi la mbele, itachaji betri wakati mota ya nyuma inasukuma, na sitahitaji umeme wa nyumbani kamwe.

Limefikiriwa. Limefikiriwa na kila aliyewahi kushika waya mbili, na nimelijibu hapa mara nyingi kiasi kwamba mhariri alitaka liwekwe kwenye fremu. Oltaneta inafanya tairi la mbele liwe zito. Uzito huo unalipwa na mota. Mota inalipwa na betri. Na kila mmoja njiani anakata cha kwake kama joto. Unatoa kumi, unarudishiwa tano au sita. Swali hili nimelifunga rasmi.

Wanaouliza kuhusu kuchaji wakati wa kuteremka tu wana hoja, lakini kwa mota yenye friwili haiwezekani, kwa sababu tairi haliwezi kuizungusha mota. Inawezekana kwenye mota ya hab isiyo na gia, kwa kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa mota) inayokubali, na hata hapo unachorudisha kwa safari za mjini ni kidogo.

Mota ya ndani ya hab, ninunue yenye gia au isiyo na gia? Nipo Kisumu, nabeba mizigo sokoni.

Yenye gia. Ndani yake mota inazunguka kama mara tano tairi linapozunguka mara moja, kwa hiyo ni ndogo, nyepesi, na inaondoka vizuri na mzigo. Pia ina klachi ya njia moja, usipowasha unakanyaga kama baiskeli ya kawaida. Ubaya wake ni kwamba meno ya gia huwa ya nailoni. Ukiipa resi yote na gunia la kilo mia ikiwa imesimama, utayanyoa. Isiyo na gia haina cha kunyolewa, ila ni nzito, na sumaku zake zinakuvuta nyuma muda wote ambao hujawasha.

Ekseli ya mota za hab ina bapa mbili, kwa kawaida milimita 10, na hizo bapa ndizo zinazozuia ekseli isijizungushe yenyewe. Kwenye uma za baiskeli zetu nafasi ni nyembamba, na najua mtachukua tupa. Mkipanua, pimeni kila mnapokwangua, isicheze hata kidogo, na fungeni mkono wa chuma unaokamata ekseli na kuishikisha kwenye uma. Uma wa alumini usiuguse kabisa. Ukipasuka haukupi taarifa.

Nimeokota betri za laptop Luthuli Avenue, Nairobi, nimepima seli, nyingi ziko hai. Nataka kuunganisha 7 mfululizo kwa mota ya volti 24. Chaja yangu ya betri za asidi inatoa volti 29. Si ni sawasawa?

Inakaribiana, na huko kukaribiana ndiko kunakounguza nyumba.

Seli 7 za lithiamu zikijaa kabisa zinafika volti 29.4, yaani 4.2 kila moja. Chaja yako inaona jumla tu. Haijui kwamba seli ya tatu, ambayo ilikuwa kwenye laptop ya mtu kwa miaka sita, imefika 4.4 huku ya tano iko 4.0. Tena zipo chaja za asidi zinazopandisha volti makusudi ili kuamsha betri iliyolala. Lithiamu haiamshwi hivyo.

Kwa hiyo: bodi ya BMS ya seli 7 (ndiyo inayochunga kila seli peke yake), chaja ya lithiamu ya volti 29.4, na seli zilizopimwa ujazo, si volti peke yake. Seli ikionyesha volti nzuri asubuhi na ikashuka yenyewe baada ya wiki moja mezani, itupe. Iliyokutwa chini ya volti 2 usijaribu kuifufua. Usilehemu moja kwa moja kwenye seli kwa pasi ya moto. Tumia utepe wa nikeli na mashine ya kudonoa, ile inayochomelea kwa nukta ndogo. Kumbuka pia kwamba seli za laptop hazikuundwa kutoa ampea nyingi. Mota yako itataka ampea 13 hadi 20, kwa hiyo kila safu iwe na seli nyingi sambamba, kumi si nyingi.

Ukiwa na uwezo, achana na makopo ya laptop, nunua lithiamu ya fosfeti, seli 8 za volti 3.2. Ni nzito kidogo na haishiki moto kirahisi.

Na kuchaji: nje ya chumba cha kulala, mbali na mlango. Mnachaji pikipiki na baiskeli kwenye korido ambayo ndiyo njia pekee ya kutokea. Ikilipuka saa nane usiku mtapita wapi?

Nina betri mbili za volti 12, ampea-saa 7, za kwenye UPS. Duka liliniambia nitakwenda saa nzima. Inaisha kabla sijafika kazini, kilomita 9. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, umesomewa nusu ya lebo. Hizo ampea-saa 7 zimepimwa kwa kutoa umeme polepole kwa saa 20. Ukizivuta kwa ampea 13 zinakupa kama nusu. Mbili zina wati-saa 168 kwenye karatasi, wewe unapata 80 na kitu. Baiskeli ikisaidiwa na miguu inakula wati-saa 8 hadi 10 kwa kilomita. Bila miguu, 15 na zaidi. Piga hesabu. Kanyaga pedeli utafika. Na usizikaushe mpaka mwisho kila siku, maana betri za asidi zinakufa kwa njaa kuliko kwa kazi.

Waya zinapata moto nikipanda mlima. Nimetumia waya wa taa za nyumbani.

Badilisha, weka wa milimita za mraba 2.5 au 4, na mfupi kadiri inavyowezekana. Fyuzi iko wapi? Hukuitaja, kwa hiyo haipo. Iwekwe kwenye chanya, kiganja kimoja kutoka betri, kabla ya kitu kingine chochote.

Nipo Hamburg. Naweza kujiundia ya wati 1,000 nitembelee mjini?

Umoja wa Ulaya unaihesabu kuwa baiskeli kama mota haizidi wati 250, inasaidia tu unapokanyaga, na inajikata ikifika kilomita 25 kwa saa. Ya kwako itakuwa pikipiki isiyosajiliwa, na polisi wa huko hawaambiwi "tuongee pembeni".

Mota inagonga fito za breki ya nyuma. Nikiikata hiyo breki nibaki na ya mbele, kuna shida?

Huyu ndiye yule mmoja.

Hukati. Sogeza mota. Breki za fito za Phoenix na Swala zilikuwa za mashaka hata kabla hujaongeza kilo kumi na tano za chuma na betri. Rimu ya chuma ikilowa, raba inateleza tu. Na mwendo ukitoka kilomita 15 kwenda 25, nguvu inayotakiwa kumezwa na breki inakuwa karibu mara tatu. Kabla hujanunua mota, nunua raba mpya za breki. Kisha, kama uma na hab vinaruhusu, funga breki ya diski au ya ngoma mbele, na ya nyuma ibaki. Chukua pia zile hendeli za breki zenye swichi ya kukata umeme, ukishika breki tu mota inanyamaza. Resi inaweza kung'ang'ania ikiwa imefunguka, mchanga unatosha.

Mvua?

Kontrola ikae juu, chini ya keria, waya zikiingilia kwa chini na zikining'inia kidogo kabla ya kuingia, ili maji yadondoke badala ya kufuata waya. Sanduku lake litoboe tundu dogo chini. Ukiliziba lote kwa silikoni, jasho la ndani litafanya kazi ambayo mvua ilishindwa.