Koli (kifurushi) ya simu kutoka China: katoni si tatizo, foleni ndiyo tatizo

Dada, unasema simu uliyoagiza Guangzhou imefika Goma, na mama mkwe hataki iingie nyumbani kwa sababu ya Korona. Namwelewa. 2019 Ebola ilipofika hapa, sote tuliishi na ndoo ya klorini mlangoni.

Lakini hesabu inakubeba. Vipimo vya maabara vya 2020 vilionyesha virusi hivyo hudumu kwenye katoni hadi saa 24, kwenye plastiki hadi 72. Koli yako imekaa njiani wiki ngapi? Wa kukuambukiza ni watu wanaobanana pale depo, kwa hiyo nenda asubuhi na mapema, barakoa usoni.

Fungulia katoni nje, itupe, nawa kwa sabuni. Simu izime kwanza, kisha ipanguse kwa kitambaa kilicholowa kidogo alkoholi ya asilimia 70. Javeli, ile klorini ya kufulia, hapana! Mimi niliipulizia tableti ya mtoto, kioo kikabaki na madoa meupe kama mashilingi.

Kinachonitisha zaidi ni batri. Ukiona mgongo wa simu umevimba, usichaji, mpelekee fundi. Na mama akipata homa au asiposikia harufu ya sombe jikoni, kituo cha afya, siku hiyo hiyo.